Uzi: Teknolojia inayomrudishia mzee uwezo wake, na ile inayomtazama tu

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mjadala kuhusu dunia inayozeeka unapoanza, haupiti muda kabla ya mtu kuleta picha ya roboti ikimnyanyua bibi kizee kitandani, na kuanzia hapo watu wote hujadili roboti. Picha hiyo ina mvuto wake, lakini naamini imetupotezea muda mwingi. Hoja ninayotaka tuipime ni hii: teknolojia inayoisaidia kweli jamii yenye wazee wengi ni ile inayomrudishia mzee jambo alilozoea kulifanya mwenyewe, au ile inayompa mhudumu wake nafasi zaidi ya kukaa naye. Kifaa kisichofanya lolote kati ya hayo mawili, hata kiwe cha ajabu namna gani, kinaongeza gharama na kuuacha mzigo palepale ulipokuwa.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu 1 kati ya kila watu 6 atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Mwaka 2020 watu wa umri huo walikuwa bilioni 1, na ifikapo 2050 watakuwa bilioni 2.1. Waliovuka miaka 80 watafikia milioni 426, yaani takriban mara tatu ya walivyokuwa 2020. Sababu zinajulikana, nazo ni kwamba watu wanaishi muda mrefu zaidi na wakati huohuo wanazaa watoto wachache kuliko wazazi wao. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kasi. Ufaransa ilichukua takriban miaka 115 hadi sehemu ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ikapanda kutoka asilimia 7 hadi asilimia 14 ya wananchi wote, ilhali Japani ilipita njia hiyohiyo kwa takriban miaka 25. Nchi zinazoanza safari hiyo leo hazitapata karne nzima ya kujenga hospitali, kusomesha wauguzi na kurekebisha miji polepole, na hapo ndipo teknolojia inapopata uzito, kwa kuwa inaweza kufidia sehemu ya muda ambao hatuna.

Sasa niseme teknolojia ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika jambo hili, ingawa ni ndogo kuliko punje ya dengu: lenzi bandia inayowekwa ndani ya jicho baada ya kuondolewa mtoto wa jicho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwatibu marubani waliokuwa wameingiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka kwenye madirisha ya ndege zao, akagundua kuwa jicho lilivivumilia vipande vile bila kuvimba wala kuvikataa. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaanza kumwekea mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi, kabla ya njia yake kuwa ya kawaida duniani kote.

Hata hivyo, uvumbuzi ule haukuwafikia wengi hadi walipotokea watu walioshughulikia bei na mpangilio wa kazi. Mwaka 1976 daktari Govindappa Venkataswamy, akiwa tayari amestaafu utumishi wa serikali, alianzisha hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, ikiwa na vitanda 11. Kazi za upasuaji ziligawanywa kwa namna ambayo daktari hafanyi jambo linaloweza kufanywa na msaidizi aliyefunzwa vizuri, na mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao cha kutengeneza lenzi, kilichoishusha bei yake hadi sehemu ndogo ya ile iliyokuwa ikitozwa na watengenezaji wa nchi tajiri. Nawaomba mfikirie kinachotokea katika nyumba ya mtu aliyefanyiwa upasuaji huo. Mzee aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni anakwenda mwenyewe, na yule mjukuu au binti aliyekuwa akimshika mkono anarudi shuleni au kazini. Kwa upasuaji mfupi, watu wawili wamepata tena siku zao.

Masikio nayo yamesahaulika vibaya. Zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowazuia kuishi kama kawaida, na mtu asiyesikia huanza kujitenga kidogo kidogo, kwa kuwa mazungumzo yamekuwa kazi ngumu kwake. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la kitabibu la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba upungufu wa kusikia na wa kuona usiotibiwa ni miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo endapo mambo yote hayo yangeshughulikiwa. Sisemi kwamba kifaa cha kusaidia kusikia ni dawa ya ugonjwa huo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumnunulia mzee roboti ya kuzungumza naye, ni haki yake kwanza awasikie watu waliomzunguka.

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kama vile miwani, kiti cha magurudumu au kifaa cha kusikia, na kwamba karibu bilioni 1 kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata wanaweza kuwa wachache kiasi cha asilimia 3 tu ya wenye uhitaji, na katika baadhi ya nchi tajiri wanafikia asilimia 90. Vifaa hivi havisubiri kuvumbuliwa. Naomba michango yenu, hasa ya wale wanaoishi na wazee au wanaofanya kazi ya kuwahudumia.


Muuguzi wa Zamu

Mleta uzi, nakushukuru kwa kuuanzia mjadala machoni na masikioni badala ya kuuanzia kwenye roboti. Nimewahudumia wazee kwa miaka mingi na nitasema yale ninayoyaona kazini.

Jambo linalowaondoa wahudumu wengi katika kazi hii ni mgongo. Kumgeuza mtu mzima kitandani, kumhamishia kwenye kiti, kumnyanyua kwenda kuoga, na kurudia hayo kwa wagonjwa kadhaa kwa siku, kunaumiza mwili wa muuguzi mapema sana. Ndiyo maana wengi walifurahi taasisi ya utafiti ya RIKEN ya Japani ilipotangaza mwaka 2015 roboti yake yenye sura ya dubu, iliyokuwa na uzito wa kilo 140 na iliyoundwa kumnyanyua mgonjwa kwa mikono miwili kama mtu. Ilibaki kuwa kazi ya utafiti, haikuingia wodini. Wakati huohuo, kipandishio cha kamba kinachoning'inia kwenye reli ya dari, ambacho hakina sura ya mnyama wala uso wa kutabasamu, kinamhamisha mgonjwa huyohuyo kila siku, na shuka laini la kutelezesha linapunguza sana nguvu ninazohitaji kumsogeza mtu kitandani. Kama ningepewa fedha za roboti moja, ningezitumia kufunga reli katika kila chumba.

Jambo la pili ni makaratasi. Muuguzi hutumia sehemu kubwa ya zamu yake kuandika, na mara nyingi huandika jambo lilelile mahali patatu. Nchini Uholanzi, muuguzi Jos de Blok alianzisha mwaka 2006 shirika la Buurtzorg, ambalo wauguzi wake hufanya kazi katika vikundi vidogo visivyozidi watu 12, wanajipangia ratiba wenyewe bila msururu wa mameneja, na wanatumia mfumo mmoja wa kompyuta kwa kumbukumbu na mawasiliano. Naitaja teknolojia hiyo kwa sababu mgonjwa haioni kabisa. Anachokiona ni muuguzi yuleyule akirudi kesho, akiwa na nafasi ya kuketi.

Kuhusu roboti za kuliwaza, nitakuwa mwangalifu, kwa sababu mleta uzi amezigusa kwa haraka kidogo. Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini) iliyobuniwa na Takanori Shibata nchini Japani, ina manyoya laini, inageuza kichwa inapoitwa na inatoa sauti inapopapaswa. Nimemwona mgonjwa wa kumbukumbu aliyekuwa akihangaika jioni nzima akitulia baada ya kuwekewa kitu cha namna hiyo mapajani, na utulivu ule uliepusha kumwongezea dawa ya usingizi. Lakini nimeona pia kwamba kinafanya kazi vizuri pale muuguzi anapoketi karibu na kuzungumza naye juu ya mnyama yule, na kinapoachwa peke yake na mgonjwa, baada ya siku chache hubaki pembeni ya kitanda. Kwa hiyo kwangu mimi ni kisingizio kizuri cha watu wawili kuzungumza. Anayekinunua ili apunguze wauguzi amekosea hesabu.


Mtoto wa Mwisho

Nimesoma kwa makini, na naomba nilete jambo linalonikosesha raha. Mama yangu anaishi peke yake kwa hiari yake, na mimi ninaishi mbali naye. Miezi michache iliyopita alianza kutopokea simu. Ningempigia mara tano, mara sita, na anapokuja kupokea anaonekana mzima kabisa na anashangaa wasiwasi wangu. Nikaamua kununua kamera na kuiweka sebuleni ili niweze kumtazama kupitia simu janja yangu. Baada ya wiki moja nikaanza kuona ukuta tu. Alikuwa ameigeuza. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba hajawahi kukaa uchi mbele ya mwanawe na hataanza uzeeni.

Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba kutazamwa akiwa amekaa na nguo zake kungeweza kumfanya ajione yuko uchi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama kuna njia ya kumlinda mzazi bila kumvua heshima yake, au kama mtu hana budi kuchagua kimojawapo.


Mleta uzi

Ndugu Mtoto wa Mwisho, pole kwa wasiwasi huo, na mfikishie mama heshima zangu, kwa kuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo wabunifu wengi hawajalielewa. Ipo njia ya katikati. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya Japani ilianzisha huduma inayotumia birika la umeme la kuchemshia maji ya chai. Birika lina kifaa kidogo cha mawasiliano ndani yake, na mzee anapolitumia, taarifa kwamba limetumika humfikia ndugu yake aliye mbali. Halichukui picha wala sauti. Mwana anajua tu kwamba leo asubuhi mama ameamka na kuchemsha maji kama kawaida yake, na siku birika lisipoguswa, anajua kwamba inafaa apige simu au amwombe jirani aende kubisha hodi.

Nalipenda birika lile kwa sababu linatoa taarifa ndogo kabisa inayotosha. Nadhani hicho ndicho kipimo ambacho kingewekwa mbele ya kila kifaa cha ulinzi: taarifa gani ndogo kuliko zote inatosha kumtoa mlezi wasiwasi? Kihisi cha mlango wa jokofu kinatosha katika nyumba moja, taa ya chooni inatosha katika nyumba nyingine, na kamera ingekuja mwishoni kabisa, tena kwa ridhaa ya anayetazamwa. Mzee akishaanza kupoteza kumbukumbu, suala la ridhaa linakuwa gumu zaidi, na ndiyo maana ni vizuri mazungumzo hayo yafanyike mapema, angali na uwezo wa kusema anachokubali na anachokataa.


Fundi Mitambo

Ninafanya kazi na vihisi, kwa hiyo nitazungumzia kuanguka, ambako ndiko watu wengi huanzia wanaponunua vifaa vya wazee. Na wana sababu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye zaidi ya miaka 60.

Kihisi kinachovaliwa mkononi au shingoni hupima mabadiliko ya mwendo. Mtu anapoanguka, kuna muda mfupi, usiofika hata sekunde moja, ambao mwili unashuka kwa uhuru, kisha kuna kishindo, kisha kuna kutulia. Programu hutafuta mfuatano huo. Ugumu unakuja pale ambapo mzee hateremki kwa kishindo bali anateleza polepole kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, na kifaa hakihisi lolote, au pale anapojibwaga kitandani kwa uchovu na kifaa kikaita gari la wagonjwa. Ukikilegeza, kinapitwa na anguko la kweli, na ukikikaza, kinapiga kelele za bure hadi watu wanaacha kukijali. Muuguzi hapo juu bila shaka anajua ninachosema kuhusu kengele zinazolia usiku kucha.

Kitufe cha kubonyeza kina tatizo la aina nyingine. Uchunguzi wa watu wenye zaidi ya miaka 90 mjini Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wengi wa walioanguka wakiwa peke yao na wakashindwa kuinuka hawakuitumia kengele ingawa walikuwa nayo. Wengine hawakutaka kusumbua watu, wengine waliamini wangeinuka wenyewe, wengine kengele haikuwa mwilini. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini katika vyumba vinavyobuniwa vifaa hivi wazee hawamo, na maneno mengi yanaharibika kwa sababu hiyo. Kitufe chenye sura ya kifaa cha hospitali kinamtangaza anayekivaa kuwa ni mgonjwa, kwa hiyo kinabaki kwenye msumari.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba vifaa hivi hutegemea miundombinu ambayo mzee haidhibiti. Uingereza ilipopanga kuzima mtandao wa zamani wa simu za waya za shaba, ilibainika kwamba takriban watu milioni 1.8 hutegemea kengele za usaidizi, nyingi zikipitia waya hizo. Waya wa shaba ulibeba umeme wake wenyewe, kwa hiyo simu iliendelea kufanya kazi hata umeme wa nyumba ulipokatika, ilhali mtandao mpya unahitaji umeme wa nyumbani au betri ya akiba. Baada ya kutokea visa vya watu kubonyeza na kutojibiwa, Desemba 2023 serikali na kampuni za simu zilikubaliana kusimamisha uhamishaji wa lazima, na tarehe ya kuzima mtandao ambayo ilikuwa mwisho wa 2025 ikasogezwa hadi Januari 2027. Sisi mafundi tulizoea kuuona mtandao wa zamani kama takataka za kufagiliwa. Kwa watu wale ulikuwa ndio uhai wao.

Kama mtu angeniuliza aanze wapi, ningemwambia aanze kabla ya kuanguka: taa inayowaka yenyewe kati ya kitanda na choo, vishikio ukutani, mazoezi ya kuimarisha miguu, na barabara inayovukika. Singapore ilianza mwaka 2009 kufunga kwenye vivuko vya waenda kwa miguu kifaa ambacho mzee hukigusa kwa kadi yake ya usafiri, na taa ya kijani humwongezea kati ya sekunde 3 na 13 kulingana na upana wa barabara. Mtu aliyeogopa kuvuka sasa anatoka nyumbani, na mtu anayetoka nyumbani miguu yake haidhoofiki upesi.


Mchumi Mkaidi

Ndugu zangu, mjadala ni mzuri, ila mnazungumzia huduma tu. Jamii inayozeeka ina tatizo la pili, nalo ni nani atakayezalisha. Wafanyakazi wanapopungua, hakuna kiasi cha vishikio vya ukutani kitakacholipa pensheni. Roboti ambazo mleta uzi hazipendi zinafanya kazi kubwa, ila haziko vyumbani mwa wazee, ziko viwandani. Utafiti wa wanauchumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo ulionyesha kuwa nchi zinazozeeka haraka ndizo zinazoingiza roboti nyingi zaidi viwandani, kwa sababu wafanyakazi wa umri wa kati wanakuwa adimu. Korea Kusini, ambayo Desemba 2024 ilivuka asilimia 20 ya wananchi wenye miaka 65 na zaidi, ilikuwa mwaka 2023 na zaidi ya roboti 1,000 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote.

Hata hivyo, nitamkubalia mleta uzi kwa mfano mmoja ambao naona unamuunga mkono kuliko hata mifano yake. Mwaka 2007 kampuni ya BMW ilichukua njia moja ya uzalishaji, yaani mfululizo mmoja wa vituo vya kazi, katika kiwanda chake cha Dingolfing, Ujerumani, ikaipangia wafanyakazi wenye wastani wa umri wa miaka 47, umri ambao ilitarajia ungekuwa wastani wa kiwanda miaka 10 baadaye. Wafanyakazi wenyewe waliulizwa nini kinawaumiza. Yalifanywa mabadiliko takriban 70, mengi yakiwa madogo, kama sakafu ya mbao inayopunguza maumivu ya magoti, viti maalumu vya kufanyia kazi, lenzi za kukuzia vitu vidogo, maandishi makubwa kwenye vioo vya kompyuta na meza zinazopanda na kushuka. Tija ya njia ile ilipanda kwa asilimia 7 ndani ya mwaka mmoja, ikalingana na ile ya njia zenye vijana. Serikali nyingi zimejibu suala hili kwa kupandisha umri wa kustaafu. China, kwa mfano, ilipitisha Septemba 2024 sheria ya kuupandisha hatua kwa hatua kuanzia 2025. Kupandisha umri bila kubadilisha sakafu, meza na maandishi ni kumwongezea mtu miaka ya maumivu.


Mleta uzi

Mchumi Mkaidi, nakiri kwamba nililipita hilo, na mfano wa Dingolfing nitautumia. Tafadhali nisieleweke kwamba nachukia roboti. Roboti inayokaza skrubu ili binadamu apate nafasi ya kumhudumia binadamu mwenzake inapita katika kipimo changu bila taabu.

Naomba nigeukie upande ambao teknolojia imewapunguzia wazee uwezo waliokuwa nao, maana huko ndiko ninakoumia zaidi. Mzee aliyekwenda benki kwa miaka 50, akajaza fomu, akasalimiana na karani na kuondoka na fedha zake, siku moja anakuta dirisha limefungwa na anaambiwa apakue programu. Hajapoteza akili wala miguu. Ameondolewa mlango. Nchini Hispania, Carlos San Juan, daktari mstaafu wa Valencia aliyekuwa na umri wa miaka 78, alianzisha kampeni yenye kaulimbiu inayosema kwamba yeye ni mzee, si mjinga. Alikusanya saini zaidi ya 600,000, na Februari 2022 mabenki yakatia saini ahadi ya kurefusha saa za huduma ya ana kwa ana na kuwapa wazee kipaumbele. China nayo, baada ya wazee kukwama milangoni wakati wa janga la Uviko kwa kukosa msimbo wa afya kwenye simu, ulioonyesha kama mtu anaruhusiwa kupita, ilitoa Novemba 2020 mpango wa kitaifa unaotaka huduma za kawaida na malipo ya fedha taslimu viendelee kuwapo kando ya zile za kidijitali, na programu za simu zirekebishwe ziwe na maandishi makubwa na hatua chache. Akili mnemba inayosikiliza sauti inaweza kumsaidia mtu ambaye vidole vyake vinatetemeka, ila inafaa ifundishwe kwa sauti za wazee wenyewe, zilizokauka, zenye kusita, na zinazozungumza lugha ndogo ambazo wajukuu zao wameanza kuziacha.

La mwisho kwa upande wangu ni malipo, kwa sababu kila kifaa tulichokitaja hapa kinaishia kwenye swali la nani anakigharimia. Japani ilianzisha Aprili 2000 bima ya lazima ya huduma ya muda mrefu, ambayo kila mtu huanza kuichangia akifikisha miaka 40. Kinachonivutia katika bima ile ni kwamba vitanda maalumu, viti vya magurudumu na vishikio hukodishwa. Mzee hulipa sehemu ndogo ya gharama ya kukodisha, mtaalamu huja kupima kama kifaa kinamfaa, na hali yake inapobadilika kinarudishwa, kinasafishwa na kupewa mwingine. Familia haibaki na kitanda cha gharama kubwa kilichojaa vumbi, na mzee hapewi kiti cha magurudumu kilichonunuliwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Nchi isiyo na uwezo wa bima kubwa namna hiyo bado inaweza kuanza na ghala la vifaa vya kuazimisha, lenye fundi wa kuvitengeneza na daftari linalotunzwa vizuri.


Muuguzi wa Zamu

Kuhusu vifaa vya kukodisha ninaunga mkono kwa nguvu zote. Ningeongeza tu kwamba mtaalamu anayekuja kupima ndiye kiini cha mpango wenyewe. Fimbo ndefu kupita kiasi inamwangusha mzee badala ya kumsaidia, na nimeziona nyingi za namna hiyo, zilizonunuliwa kwa upendo na watoto ambao hawakuelekezwa na mtu yeyote.


Mtoto wa Mwisho

Nimerudi baada ya wiki tatu kutoa mrejesho. Baada ya kusoma kile mleta uzi alichoandika kuhusu masikio nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo, nikasafiri hadi kwa mama na kumpeleka kupimwa. Ana upungufu wa kusikia katika masikio yote mawili, na hasa sauti za juu kama mlio wa simu. Alikuwa hapokei simu kwa sababu haisikii ikilia, na alikuwa hasemi kwa sababu alidhani ndivyo uzee ulivyo. Mtaalamu alimwekea vifaa viwili, akavirekebisha mara mbili, na akamwonya kuwa wiki za mwanzo vyombo vya jikoni vingemkera kwa kelele, jambo ambalo limetokea kweli. Tumebadilisha pia simu, akapata yenye mlio mzito na taa inayomweka.

Kamera nimeiondoa na kumkabidhi mkononi. Tumekubaliana kwamba kila asubuhi akishaamka atanipigia yeye, nami nisipopata simu yake hadi saa tatu nitampigia jirani. Jana alinipigia saa kumi na mbili kasorobo alfajiri kuniambia kwamba ndege wameamka, na kwamba alikuwa hajawasikia kwa muda mrefu.